Je, Maua Huliwa?

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi waalimu wa vijijini, twataka kuwaza pamoja nanyi juu ya swali tuliloulizwa na mzee mmoja wa kanisa. Vijana wa usharika wetu hapa Dodoma walikuwa wamejiwekea nauli kidogo kidogo, wapate kwenda Kitulo kuyatazama maua wakati wa mvua. Mzee akasimama barazani, akasema, "Baba Mchungaji, mwaka huu uwele unakauka mashambani. Niambie, maua huliwa?" Watu wakacheka, lakini sisi tulikosa jibu.

Swali hili si la mpumbavu. Nchi ya Ugogo yaijua njaa. Wazee wetu walisimuliwa na baba zao habari za Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hata 1920, ambapo vita kuu ilikuwa imewanyang'anya watu ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakosa. Mtu aliyelelewa kwa masimulizi hayo huuliza juu ya kila kitu: Chaliwa? Chauzwa? Wala hatuwezi kumlaumu.

Basi kwanza tuliwatengea wajane mtama, maana njaa ya jirani haingoji. Kisha tukaenda. Tulipita Iringa na Makambako, tukapanda mlima kutoka Chimala kwa barabara ya kona nyingi, hata tukaufikia uwanda ulioinuka mita 2,600 hivi. Wenyeji hupaita Bustani ya Mungu. Hakuna aliyepanda, wala hakuna apaliliaye. Lakini mvua zinyeshapo, tangu Novemba hata Aprili, nyasi hujaa maua ya kila rangi, na kati yake zimo aina 45 za okidi. Vijana wetu, ambao kwa kawaida ni wenye kelele, walinyamaza.

Huko tulilipata jibu la mzee wetu, nalo likatufadhaisha: maua huliwa. Okidi nyingine zina kiazi chini ya ardhi. Kiazi hicho hupondwa na kupikwa pamoja na karanga, na watu wa Zambia hukipenda sana, wakikiita chikanda. Biashara ikakua, wachimbaji wakaongezeka. Na kiazi kikiisha kung'olewa, mmea hufa. Hatari hiyo ni mojawapo ya sababu za mahali pale kufanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Hatuwahukumu maskini waliochimba. Lakini twaona mwisho wa jicho lisilojua swali jingine ila la tumbo: hula hata kile ambacho kingezaa mwakani.

Tena jicho hilo haliishii kwenye maua. Humtazama mama mzee asiyeweza tena kushika jembe, na mtoto aliyezaliwa kilema, likauliza: Huyu afaa nini? Hapo ndipo swali la mzee wetu, lililokuwa swali la haki, huwa swali la kuogofya. Bwana wetu alipowaelekeza watu waliohangaikia chakula na mavazi wayatazame maua yaotayo pasipo kulimwa, hakuwadhihaki kwa umaskini wao. Aliwaonyesha kitu kisichofanya kazi yo yote, nacho chapendwa na Muumba wake. Sisi tufundishao kwamba mtu hahesabiwi haki kwa matendo yake, je, tumejizoeza kumtazama mtu hivyo?

Hatuna haja ya kwenda mbali ili kujizoeza. Twaungama kwamba tumekula ubuyu tangu utoto, wala hatukuwa tumelitazama ua la mbuyu. Mwezi wa Novemba, ghala zilipokuwa karibu tupu na mvua haijaanza, tulikwenda jioni pamoja na mzee wetu chini ya mbuyu ulio karibu na kanisa. Ua la mbuyu ni kubwa, jeupe, huning'inia likielekea chini. Hufunguka jua likichwa, popo hulijia usiku, na kesho yake huanguka. Mzee alilitazama kitambo. Kisha akasema, "Nimekula ubuyu miaka sabini, Mchungaji, wala sijamwona mama yake."

Ndugu, mlisheni mwenye njaa. Kisha mtazameni vema, hata akiisha kushiba.