Mjinga wa Jana

Hapa Mombasa, ukitoka Liwatoni baada ya sala ya alfajiri ukashika njia ya kwenda Kizingo, utakutana na watu wa namna mbili. Wako wanaokwenda kazini au wanaotoka kazini: mwenye ndoo ya samaki, mlinzi wa usiku anayerudi kulala, vijana wanaokimbilia feri. Na tuko sisi tunaokwenda kutoa jasho, ambao utatujua kwa viatu. Tunapita Ganjoni, tunaingia barabara ya Mama Ngina, na pale kwenye mibuyu, bahari ikiwa bado haijapata rangi, kila mtu hufanya lake. Kuna wakimbiaji, kuna wanaotembea kwa haraka huku wakizungumza, kuna kina mama waliovaa buibui na raba, na vijana wanaopiga pushapu mpaka mikono inatetemeka.

Mimi nilianza nikiwa na miaka 43, baada ya kuambiwa presha imepanda. Wakati huo daraja la kuelea, lile la kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu upande wa Likoni, lililowekwa wakati wa korona ili watu wasibanane kwenye feri, lilikuwa bado likitumika. Mazoezi yangu ya kwanza yalikuwa kulivuka kwa miguu, kwenda na kurudi. Kutembea nilikuwa nakujua. Nilipotaka kukimbia ndipo nilipogundua kwamba sijui kitu. Rafiki akaniingiza katika kundi la wakimbiaji la WhatsApp, lenye watu zaidi ya mia. Wiki ya tatu nikaandika: "Ndugu zangu, mguu unaniuma mbele, kwenye mfupa, chini ya goti. Niendelee au nipumzike?"

Jibu la kwanza lilikuwa vikatuni vitatu vinavyocheka hadi machozi. La pili lilisema swali hili limejibiwa mara mia, nirudi juu nisome. La tatu lilitoka kwa mkimbiaji hodari ambaye mpaka leo namstahi: "Anayeuliza hili hajaanza kukimbia." Baada ya hapo mazungumzo yakahamia kwenye bei ya viatu. Nikaendelea kukimbia na maumivu yangu wiki mbili zaidi, kisha nikaacha kabisa kwa miezi mitano.

Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa tusi, ningelisahau. Kilichonikaa moyoni ni lile jibu la tatu, kwa sababu lilikuwa kweli. Nilikuwa sijaanza. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikiuliza mlango unafunguka upande gani, na nikajibiwa kwamba waulizao hivyo ni watu wa nje.

Tumezoea kumtetea muulizaji kwa methali: kuuliza si ujinga. Nimeitafakari sana methali hii na sidhani inatosha. Inamkinga muulizaji kwa kukana jambo ambalo yeye mwenyewe amekwisha kulikiri. Anayeuliza hajui, na kutojua, kwa Kiswahili, ndiko kunakoitwa ujinga. Lugha yetu imetenga maneno mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Mpumbavu ana kasoro ya akili au ya tabia, na hata akielezwa haimwingii. Mjinga amepungukiwa na habari tu. Leo hajui, akielezwa, kesho atajua. Ujinga una mwisho wake, kama vile siku ina magharibi.

Tena neno lenyewe lina historia ambayo sisi watu wa pwani tungependa kuisahau. Katika karne ya 19, siku za biashara ya utumwa, mjinga lilikuwa pia jina la mtumwa aliyefikishwa pwani karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala desturi za mji. Aliyezaliwa hukuhuku pwani aliitwa mzalia, na aliwekwa daraja ya juu kidogo. Basi mjinga maana yake ilikuwa mtu aliyefika juzi. Alichokosa ni muda wa kukaa, na muda huo ukageuzwa kuwa cheo chake. Aliyefika jana akamcheka aliyefika leo, na wote wawili walikuwa chini ya mtu mmoja. Sisemi kwamba kuchekwa kwenye simu kunalingana na utumwa. Hakulingani hata kidogo. Nasema tu kwamba tabia ya kuchukua tofauti ya muda na kuifanya tofauti ya utu tumeirithi ndani ya neno lenyewe, na kila tunapoitumia tunaitumia bila kujua umri wake.

Neno muungwana nalo limesafiri. Lilikuwa jina la mtu huru, mwenye ukoo, asiyemilikiwa. Leo, mtu akisifiwa kwamba ni muungwana, hatuulizi babu yake alikuwa nani. Tunatazama anavyosema na anavyotenda. Cheo cha kuzaliwa kimegeuka kuwa mwenendo ambao yeyote anaweza kuwa nao. Naona hili ni moja ya mambo mazuri ambayo Kiswahili kimeyafanya kimyakimya. Na mwenendo huo hauonekani mahali popote kwa uwazi kama pale mtu anayejua anapoulizwa jambo dogo na mtu asiyejua.

Nirudi kwenye lile jibu la pili, "rudi juu usome", kwa maana linaonekana la haki kuliko yote. Majibu yapo, msomaji ana macho, kwa nini asijisaidie? Nilirudi juu. Nilisoma jumbe za miezi mingi na sikupata kitu. Baadaye jirani yangu muuguzi aliniambia kwamba maumivu yale ya ugoko huwapata wengi wanaozidisha mbio ghafla, hasa juu ya lami, na kwamba yana jina la Kiingereza. Nililitafuta jina lile kwenye kundi. Majibu yakajitokeza kumi na zaidi, mazuri kabisa: pumzika, punguza mwendo, rudi kidogo kidogo, tazama viatu. Yalikuwepo siku zote, yamefungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake ni neno nisilokuwa nalo.

Plato, katika mazungumzo yake yanayoitwa Meno, anamfanya kijana wa jina hilo amuulize Sokrate: utakitafutaje kitu usichokijua kabisa, na hata ukikikuta, utajuaje kwamba ndicho? Sokrate alijibu kwa njia ndefu, kwamba kujifunza ni roho kukumbuka yale iliyowahi kuyajua. Mimi, kwa uzoefu wangu mdogo, naliona jibu jingine karibu zaidi. Kitu usichokijua hukitafuti peke yako. Unakitafuta kwa kumwendea anayekijua, ukiwa na maelezo mabovu, ukionyesha kwa kidole, ukisema "hapa, mbele, kwenye mfupa", naye anakupa jina. Swali la mwanzo, mara nyingi, ni ombi la jina. Kumwambia mwenye kuomba jina akatafute kwa jina ni kumrudisha pale alipotoka.

Lakini wakongwe nao huchoka, na uchovu wao nauheshimu. Mwenye miaka kumi ya mbio amejibu "ninywe maji kabla au baada?" mpaka ulimi umemuuma. Ni kweli, mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Mji wa Kale hufundisha alifu kila mwaka kwa watoto wapya, na hajawahi kusikika akimwambia mtoto kwamba alifu imekwisha kufundishwa. Imamu Al-Ghazali, katika Kitabu cha Elimu kilichomo ndani ya Ihya Ulum al-Din, anapotaja wajibu wa mwalimu anaanza na huruma: awatazame wanafunzi kama wanawe. Hayo ni ya mwalimu, na mkimbiaji hodari wa kundini hakuajiriwa kuwa mwalimu wa mtu. Alikuja kukimbia. Kama hataki kujibu, na anyamaze. Ukimya wake haumdhuru mtu, maana katika watu mia huenda mwingine akajibu. Kicheko ndicho kinachodhuru, kwa kuwa kicheko cha mkubwa huwafunga midomo wote waliotaka kujibu. Baada ya kile kikatuni cha kwanza, nani angejitokeza na upole wake?

Na kuna jambo jingine ambalo limenichukua muda kuliona. Swali la mwanzo ni gumu. Muulize kijana aliyekulia akipiga mbizi chini ya Ngome ya Yesu jinsi anavyoshika pumzi. Atakuonyesha, atarudia, atakasirika kidogo, mwisho atasema, "Basi, unaingia tu." Mwili wake unajua na ulimi wake haujui. Ufundi ukishakomaa hula njia uliyopitia, kama ngalawa isiyoacha alama majini. Nashuku kwamba vicheko vingi huanzia hapo. Mkongwe ameulizwa jambo ambalo hulifanya kila siku, amegundua kwa sekunde moja kwamba hana maneno ya kulieleza, na kicheko kinamwokoa. Mjinga akierevuka, husema wahenga, mwerevu yu mashakani. Wakati mwingine hahitaji hata kuerevuka. Swali lake peke yake linatosha kumtia mwerevu mashakani.

Mwaka jana bibi mmoja wa makamo alitusimamisha pale Mama Ngina akauliza kama anaweza kukimbia na buibui, au atajikwaa, na kama atajikwaa afanyeje, kwa sababu kuivua hataki. Tulikuwa wanaume wanne wenye saa za kupimia mwendo. Hakuna aliyejua. Tulikuwa na habari za viatu, za chumvi mwilini, za mapigo ya moyo, na mji wetu umejaa wanawake wa buibui, wala hatujawahi kulifikiria. Swali la Ramadhani nalo hurudi kila mwaka: mtu akimbie kabla ya magharibi, tumbo likiwa tupu na koo limekauka, au baada ya tarawehe, usingizi ukimwita? Ratiba tunazopakua kutoka kwa watu wa mbali hazijui kwamba kuna mwezi wa namna hiyo. Wanaouliza ni wageni wa mazoezi, na kwa swali lao wanatuonyesha kwamba elimu yetu ilishonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Kuna kisa cha Kenya hii yetu ambacho naona kinabeba zaidi ya hoja zangu zote. Patrick Sang alishinda medali ya fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona, 1992. Miaka kadhaa baadaye, huko kwao Nandi, kijana wa jirani wa kama miaka 16 alimwendea akamwomba ratiba ya mazoezi. Kijana hakuwa na cheti wala ushindi wa kuonyesha, na hakuna swali la mwanzo kuliko hilo: nifanye nini? Sang alimpa mazoezi ya siku chache. Kijana akaenda, akayafanya, akarudi kuomba mengine. Akapewa. Akarudi tena. Kijana huyo ni Eliud Kipchoge. Mwaka 2003 mjini Paris, akiwa na miaka 18, aliwashinda Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele katika mita 5000 za ubingwa wa dunia, na tarehe 12 Oktoba 2019, Vienna, alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40, Sang akiwa bado kocha wake. Mama yake Kipchoge alikuwa mwalimu wa chekechea, na Sang alipokuwa mdogo alisoma kwake.

Watu hukisimulia kisa hiki kama cha bahati: tazama, uliyemdharau huenda akawa bingwa. Mimi sikipendi kwa sababu hiyo. Sang hakujua kwamba anazungumza na bingwa. Angeweza kuwa anazungumza na mtu kama mimi, na jibu lingestahili kuwa lilelile. Ninachokipenda ni ukubwa wa jibu. Halikuwa hotuba, halikuwa miaka ishirini ya uzoefu iliyomwagwa kichwani mwa mtoto. Lilikuwa siku chache za kazi na mlango ulioachwa wazi. Mkongwe aliyechoka anadhani anaombwa elimu yake yote, na ndiyo maana anakasirika. Anayeanza haombi hivyo, na hata akipewa hawezi kuibeba. Anaomba ya kumfikisha wiki ijayo.

Mimi nilirudi mazoezini kwa sababu ya yule muuguzi, aliyeniambia nitembee wiki mbili, kisha nikimbie dakika moja na kutembea tatu, kisha nimweleze mguu unasemaje. Sasa ni mwaka wa nne. Juzi nikiwa nanyoosha misuli karibu na ukuta wa bahari, kijana wa kutoka bandari ya samaki, bado na mabuti yake ya mpira, alikuja akasimama mbali kidogo. Alitazama watu wakipita. Nikamsalimu, akaitikia, akasogea.

"Ami, samahani. Hapa watu huanzia wapi?"

Nikamwonyesha mbuyu ulio mbele, nikamwambia leo atembee mpaka pale na kurudi, mara mbili, na kesho kutwa avae viatu vyepesi anikute papa hapa. Akatikisa kichwa kukubali. Akapiga hatua tatu nne, kisha akageuka.

"Na nikisimama njiani kupumzika, itahesabiwa?"

Nilikaa kimya kidogo, maana hata mimi sikuwahi kumuuliza mtu hilo, na nilikuwa nimelibeba tangu siku za daraja. Nikamwambia itahesabiwa. Kisha nikafunga kamba za viatu, tukaenda pamoja mpaka kwenye mbuyu.