Taa Iliyozimwa: Je, Mnunuzi Akipima Mwenyewe, Muuzaji Amesalimika?

Siku moja baada ya darasa mwenzetu mmoja alibaki nyuma wengine walipokwisha kuondoka, akatuuliza suala ambalo yeye aliliona jepesi, nasi tukaliona zito. Tumemtaka idhini tuliandike bila ya kumtaja, naye ameridhia.

Ana gari la abiria saba lililoletwa Mombasa kutoka Japani, na kwa muda wa miaka mitatu limekuwa likifanya kazi ya kuajiriwa mikononi mwa dereva. Amepata mnunuzi, mtu wa Garissa, atakaye kulitia katika njia za Dadaab na Modogashe. Mnunuzi huyo hakuja mikono mitupu. Alikuja na fundi, na fundi alikuja na kile chombo cha kupimia magari wakiitacho skana. Chombo kikachomekwa, na kioo chake kikasema kwamba gari limekwenda kilomita 2,100 tu tangu huduma ya mwisho ya oili. Mnunuzi akaridhika, akatoa malipo ya kwanza, akaenda zake.

Lakini mwenzetu ajua jambo ambalo kioo hakikulisema. Siku ya hiyo inayoitwa huduma, oili haikumwagwa. Taa ya kukumbusha ilikuwa ikiwaka kila asubuhi ikimkera dereva, naye akaizima kwa kubonyeza kitufe, akaendelea na safari zake.

"Maalim," akatuambia, "mimi sikusema uongo. Sikuulizwa, nami sikusema. Mtu amepima kwa chombo chake na fundi wake na macho yake. Je, sijasalimika?"

Kabla ya kumjibu yatupasa kwanza tukijue chombo hiki ni nini na chasema nini, kwani wengi wetu twakiogopa au twakiamini bila ya kukijua, na yote mawili ni ujinga.

Chini ya usukani wa magari ya siku hizi pana tundu lenye pini 16. Tundu hili halikuwekwa kwa ajili ya wanunuzi na wauzaji. Marekani ililazimisha magari mapya yawe nalo kuanzia yale ya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli, na makusudio yao yalikuwa moshi: walitaka gari lenyewe litoe habari pindi mtambo wa kuzuia uchafu wa hewa uharibikapo. Kwa hiyo, zile habari ambazo kila chombo, hata kile cha bei rahisi, chaweza kuzisoma katika gari lolote, ni za mwako, moshi na makosa ya mtambo. Tarikhi ya oili haimo katika hizo. Kila mtengenezaji ameiweka apendavyo katika kompyuta ya gari lake, na magari mengi hayana kabisa.

Tumewaona watu wakisoma kiooni ule mstari wa umbali uliokwendwa tangu makosa yafutwe, wakidhani ndio umbali tangu oili ibadilishwe. Sivyo. Mstari huo una faida nyingine: ukiona kilomita tatu au tano tu, na mwenye gari aapa kwamba halijaguswa, jua kuwa yuko mtu aliyefuta kumbukumbu asubuhi ile, au aliyeng'oa betri. Hilo lafaa kuulizwa.

Ama yale magari yenye kuihesabu oili, kompyuta yake huhesabu kilomita na siku, na nyingine hutia katika hesabu joto na mzunguko wa injini, kisha huwasha taa. Fundi akiisha kubadilisha oili huiamuru hesabu ianze upya, kwa kitufe au kwa chombo. Na hapa ndipo penye nukta yenyewe. Katika magari mengi hamna kitu kinachoionja oili. Kompyuta haijui kama ile bolti iliyo chini ya injini ilifunguliwa, wala kama chujio lilitolewa. Yajua jambo moja tu, nalo ni kwamba yuko mtu aliyeiambia kuwa kazi imekwisha. Nayo ikasadiki, kwani haikupewa uwezo wa kushuku.

Wenzetu wa darasa la hadithi hawatapata taabu kulifahamu hili. Chombo kimepokea kwa kompyuta, kompyuta imepokea kwa mkono wa mtu, na mtu huyo hatajwi jina. Wapokezi wawili wa mwanzo ni hodari wa kuhifadhi, hawasahau hata kilomita moja. Lakini wa mwisho ni majhuli. Wanazuoni hawakutosheka na kuuliza kama mpokezi ana dhabti, yaani kuhifadhi sawasawa. Waliuliza pia kama ana uadilifu. Basi chombo kina dhabti, na uadilifu hakina, wala hakina ufasiki. Ni mlango ambao mkweli na mwongo wote wawili hupitia. Hauwi mnyororo na nguvu kwa sababu ya pete zake mbili nzito ikiwa ya tatu ni ya uzi.

Twaona ajabu kwamba karatasi, ambayo vijana wetu waidharau, huenda ikawa na sanadi bora kuliko kioo kile. Magari mengi ya Japani huja na kitabu cha matengenezo, na pengine kibandiko mlangoni au juu ya kioo cha mbele, chenye tarehe, kilomita na jina la gereji iliyobadilisha oili. Yawezekana kuandikwa uongo, lakini mwandishi wake ametajwa na aweza kuulizwa. Gari likishashuka bandarini Kilindini, mara nyingi mapokezi hayo hukatika, na kuanzia hapo hatuna ila neno la mwenye gari. Ndiyo sababu fundi mwenye hekima hatosheki na waya. Huufungua mfuniko wa kutilia oili na kutazama ndani kama pana tope jeusi. Huchomoa kile kijiti, huipaka oili baina ya vidole, huinusa. Huko ni kutazama matini baada ya sanadi. Nako pia kuna mwisho wake, kwani oili mpya iliyomiminwa jana juu ya uchafu wa mwaka mzima hung'aa kwenye kijiti.

Sasa na turejee kwa mwenzetu na neno lake, "Sikusema uongo."

Mnunuzi wake ametoka Garissa, mji ambao soko lake la mifugo ni katika makubwa ya Afrika Mashariki. Watu wa huko hawahitaji kusomeshwa juu ya mnyama auzwaye. Hufungua kinywa wakahesabu meno, humtembeza ngamia wakamtazama miguu, na dalali husimama baina ya watu wawili akiwa mdhamini kwamba mnyama si wa wizi. Na ajuaye mifugo ayajua mapokezi mashuhuri ya kukatazwa tasriya. Maana yake ni kumwacha ngamia au mbuzi siku mbili tatu bila ya kukamwa, kiwele kikajaa, ili mnunuzi adhani hivyo ndivyo alivyo kila siku. Aliyenunua mnyama wa namna hiyo amepewa hiari, akitaka amweke, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa maziwa aliyoyapata.

Tazama vizuri, ewe ndugu yetu. Katika tasriya muuzaji hakutamka neno. Mnunuzi alikuja kwa miguu yake, akapima kwa mikono yake, akakiona kiwele kwa macho yake, na kiwele kweli kilikuwa kimejaa. Kila alichokiona kilikuwapo. Wala huko kupima kwake hakukumsalimisha muuzaji, bali kupima kwenyewe ndiko kulikotegewa mtego. Kilichofanywa ni kumfundisha mnyama aseme uongo kwa niaba ya bwana wake. Taa iliyozimwa bila ya oili kumwagwa ni kiwele kilichofungwa, hatuoni tofauti.

Na asije mtu akatwambia kwamba hayo ni ya wanyama, mitambo mbali. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Kishafii hawakuliacha jambo hili kwa ngamia na mbuzi. Walilipima na mengine, na katika waliyoyataja ni mtu mwenye kinu kinachozungushwa na maji, ambaye huyazuia maji kisha akayaachilia wakati wa kuuza ili yaonekane yana nguvu. Kinu cha maji ni mtambo kama ulivyo mtambo wa gari. Wao walitazama kitendo cha kumghuri mtu, hawakutazama kama kighuriwacho kina damu au kina chuma.

Labda atasema, "Aliyezima taa ni dereva, si mimi, tena hakuizima kwa ajili ya kuuza." Kweli, na kwa hilo dhambi ya kutega haimo shingoni mwake. Lakini tangu saa ile alipojua kwamba kioo kimesema lisilokuwa, na mnunuzi anatoa fedha kwa kukitegemea kioo hicho, kunyamaza kwake kumekuwa ndiko kuuza. Aibu ya kitu ni wajibu kubainishwa hata kama mnunuzi hakuuliza. Na wanazuoni wamesema wajibu huo humfikia hata asiyekuwa muuzaji, akiwa aijua. Basi na dereva naye asidhani kwamba ametoka, wala fundi aonaye tope chini ya mfuniko akanyamaza kwa sababu ameahidiwa bakhshishi.

Sheria ya serikali ina njia yake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, ambayo asili yake ni sheria ya Waingereza ya mwaka 1893, humpa mnunuzi haki fulani juu ya ubora wa bidhaa, lakini akiwa ameikagua bidhaa, hana dai kwa aibu ambayo ukaguzi ule ulipasa kuifunua. Mwenzetu alipoambiwa hayo na wakili mmoja, alifurahi. Sisi twamwambia kwamba mahakama yauliza nani atalipa hasara, na yeye hakutuuliza hivyo. Alituuliza kama amesalimika.

Wako pia wauzao kwa neno la "kama ulivyo", yaani nimejitoa katika kila aibu, chukua au acha. Neno hili limejaa katika yadi za magari. Imepokewa kwamba Abdallah bin Umar aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti kama hilo, kisha mnunuzi akaona ugonjwa, wakashitakiana mbele ya Sayyidna Uthman. Uthman alihukumu Ibn Umar aape kwamba alipomwuza hakuwa akiujua ugonjwa ule. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrejesha mtumwa wake. Hukumu hiyo haikuuliza mnunuzi alipima vipi. Iliuliza muuzaji alijua nini.

Wala jambo hili si la hesabu za vitabu tu. Oili isiyobadilishwa hugeuka tope, ikaziba chujio na njia nyembamba za injini, na chuma kikasuguana na chuma. Huharibika kimyakimya kwa muda mrefu, kisha hufa kwa dakika moja. Katika Mombasa gari likifa, abiria hushuka wakapanda jingine. Lakini hili laenda katika nchi ambayo joto lake mara nyingi hupita nyuzi 35, na vumbi lake ni jepesi kama unga. Watengenezaji wenyewe huandika masafa mawili ya kubadilisha oili, ya njia njema na ya njia ngumu, na hayo ya pili aghalabu ni nusu ya yale ya kwanza. Joto na vumbi vya namna hiyo ni katika ugumu huo. Humo watapanda mama wapelekao watoto hospitali ya Garissa, na walimu, na wazee wenye vibuyu vya maji ya kutosha safari ya nusu siku. Hao hawakupima kitu, hawakuulizwa, wala hawamo katika mkataba.

Tulimwambia hayo, kwa upole kuliko tulivyoyaandika. Alikaa kitambo, kisha akatoa simu yake mbele yetu, akampigia yule mtu wa Garissa, akamweleza kwamba taa ilizimwa na oili haikubadilishwa.

Yule mtu hakukasirika, au kama alikasirika hakutusikizisha. Alinyamaza, kisha akauliza, "Sasa, ndugu yangu, ilibadilishwa lini?"

Mwenzetu hakuwa na jibu. Alimpigia dereva wake wa zamani, ambaye siku hizi yuko Malindi, akamwuliza ni lini alipoizima ile taa. Dereva akamwuliza yeye, "Mara ya kwanza au ya pili?"

Malipo yamerudi kwa mwenyewe. Gari lingali Mombasa, injini imefunguliwa, na mnunuzi amesema atangoja aambiwe kilichoonekana ndani.