Nyenzo Tunamtengenezea Nani?

Neno "nyenzo" limechoka. Kwenye semina na hotuba za bajeti linabeba karibu kila kitu: kompyuta, fedha, gari la mradi, hata elimu eti ni nyenzo. Lakini fungua kamusi, au muulize mtu aliyewahi kusaidia kushua jahazi pale Mikindani, utapata maana iliyo karibu zaidi na udongo: gogo la mviringo linalotegwa chini ya kitu kizito ili kiviringike, au mti unaopenyezwa chini yake ukikinyanyua. Yaani nyenzo ni kile kinachosimama kati ya uzito na mgongo wa mtu.

Naanzia hapo kwa sababu kwa miaka kadhaa sasa, hapa Chuno, nimekuwa nikiokota na kufufua zana za mkono za kusogezea magogo. Kuna mitaimbo, minyororo yenye kulabu, koleo kubwa za watu wawili kubebea gogo kama jeneza. Watu huniuliza faida yake, nami hujibu kwa mzaha. Swali lenyewe si la mzaha. Je, chombo kina haki yoyote ya kuokolewa? Na kikishaokolewa, aliyekiokoa anawajibika kwa kazi kitakayofanya?

Ninachokipenda kuliko vyote nilikitoa kwenye lundo la chuma chakavu, kikingoja mizani. Ni mpini mrefu, na karibu na ncha yake kuna kulabu inayocheza kwenye pini. Kulabu inauma gamba, unavuta mpini, gogo linageuka. Kadiri mpini ulivyo mrefu kuliko unene wa gogo, ndivyo mtu mmoja anavyofanya kazi ya wengi. Mhunzi wa Maine, Marekani, aliyeitwa Joseph Peavey, ndiye aliyeiboresha zana ya namna hii katika miaka ya 1850, na huko bado inaitwa kwa jina lake. Ajabu ni jinsi ilivyo rahisi. Hakuna injini, hakuna mafuta. Ni chuma, mti na akili.

Kulabu yangu ilikuwa imevunjika zamani na mtu akaiunga kwa kipande cha springi ya gari. Kiungo kibaya, kimevimba kama goti la mgonjwa. Fundi niliyempelekea, mzee wa makamo ya babu yangu, aliuliza kama akitoe aweke kipya.

"Hapana, babu. Kiache."

"Mwanangu, hii si sura ya kumwonyesha mgeni."

Tukabishana kidogo. Yeye alitaka kifae, mimi nilitaka kibaki na historia yake, na mwishowe tulikubaliana kwa sababu kile kiungo kilikuwa imara kuliko chuma chenyewe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na hapa methali ilikuwa mkononi mwangu, ina kutu. Mpini tuliuweka mpya, wa mkwaju, nikaupaka sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyomboni. Nyumba ilinuka wiki nzima. Wasomaji wa falsafa watanikumbusha merikebu ya Theseus, ile ambayo Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliibadilisha ubao mmoja mmoja mpaka wakabishana kama bado ni ileile. Kwa fundi wangu hilo si fumbo. Mpini ni nguo, alisema, inachakaa unavaa nyingine.

Kinachonikosesha usingizi ni jambo jingine: kwa nini zana hizi ni chache? Huku kusini watu wamesogeza vitu vizito kupita kiasi. Mwaka 1947 Waingereza walianza ule mradi wa karanga. Nachingwea ikafyekwa, bandari ya kina kirefu ikajengwa hapa Mtwara, reli ikalazwa kati ya pwani na bara. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa, na baadaye reli nayo iling'olewa. Kabla na baada ya hapo, vijana wa kusini, pamoja na Wamakonde waliovuka Ruvuma, walikwenda kwenye mashamba ya mkonge wakiitwa manamba, kwa sababu waliandikishwa kwa namba. Mtu mwenye namba huhitaji kumnunulia nyenzo. Akiumia unachukua namba nyingine. Nadhani uhaba wa zana ni aina ya maandishi: unatuambia mgongo wa nani ulihesabiwa kuwa rahisi kuliko chuma. Kwa hiyo ninaposugua kutu najiona kama namlipa mtu deni, ingawa mtu huyo hana kaburi ninalolijua.

Hoja hiyo ni nzuri, naipenda, na ingeniridhisha kama isingekuwa jirani yangu.

Yeye anapakia magogo. Akaja jioni, akaona ile kulabu imeegemea ukuta, akaijaribu kwenye kisiki cha mnazi uani. Akacheka kwa furaha kabisa. "Kaka, hii niazime. Vijana wangu wanavunjika viuno."

Sasa hapa ndipo palipo na mwiba. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 juu ya Mto Rufiji, kusini ilifunguka, na magogo yakamwagika kwenda Dar es Salaam na meli za nje. Ripoti ya TRAFFIC ya mwaka 2007 ilieleza jinsi sehemu kubwa ya uvunaji huo ilivyokuwa haramu, na jinsi wanakijiji walivyopata makombo huku faida ikienda kwa wachache walio mbali. Mninga, mkongo, mpingo. Mpingo unachukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa. Gogo halali hugongwa nyundo ya alama na ofisa wa misitu. Nilimwuliza jirani kuhusu hiyo alama.

"Nyundo inaigwa, kaka. Mimi napakia tu."

Nilijaribu kujitetea kwamba kulabu haikati mti. Msumeno ndio unaokata, mimi nasaidia tu miili ya waliokuta mti umeshalala. Utetezi huo unadumu dakika mbili. Mfanyabiashara hakati asichoweza kukibeba, kwa hiyo anayerahisisha kubeba amerahisisha kukata. Upande wa pili nao una maneno yake. Nikimnyima, mti hauponi hata mmoja, zinapona dhamira zangu tu, na kijana wa elfu chache kwa siku ndiye anayelipia usafi wangu kwa kiuno chake. Wale wenye nyundo za kuiga wala hawatajua kwamba kuna mtu Chuno amewagomea.

Heidegger aliandika mwaka 1927 kwamba nyundo inayofanya kazi vizuri hatuioni, tunaiona ikivunjika. Ningemwongezea: tunaiona pia ikiombwa.

Nikampa jibu ambalo mke wangu analiita la kiofisi. Kulabu inalala kwangu. Akiitaka anakuja, ananiambia gogo liko wapi na ni la nani, ndipo inatoka. Alinuna, kisha akakubali. Imetoka mara tatu: mwembe ulioanguka juu ya paa la watu, minazi miwili mizee, na mikorosho iliyokuwa ikipisha miche mipya shambani. Mara ya nne alikuja alfajiri, akaamkia vizuri, akasema ni porini, huko ng'ambo ya Nanyamba, asinifiche. Nikamwambia leo haitoki.

Hakugomba. Alikwenda na vijana sita na kamba. Jioni lori lilipita barabarani likiwa limejaa, na mmoja wa wale vijana alikuwa juu ya magogo, kiatu kimoja amekivua, mguu ameufunga kwa shati.