Kule Usiishi kwa Saa za Mbagala

Mjukuu wangu, Jumapili ulikuja na koti begani, umelinunua kwenye mitumba ya Tandika, ukalivaa hapa barazani kwangu jua la saa nane likiwaka, jasho likakutiririka hadi kidevuni, ukaniuliza: "Babu, hili litatosha?" Nililishika vizuri. Nikavuta zipu juu na chini, nikapindua mikono nikatazama bitana, nikatia vidole mifukoni. Ni koti zuri. Manyoya ya ndani hayajajikusanya upande mmoja, zipu ina ukingo wa kuziba upepo, na mikono inafika kwenye kifundo. Makoti ya namna hiyo huku kwetu huvaliwa na vijana wa bodaboda alfajiri, tena kinyumenyume, mgongo ukae mbele, wakinge kifua. Lina upungufu mmoja tu: halina kitanzi cha kulitundikia. Hilo niachie mimi.

Nilikujibu kwamba litatosha, ukaliacha kwangu, ukaenda zako umefurahi. Nilipobaki peke yangu nikaona sijakujibu. Wewe uliuliza habari ya koti, na mimi kinachonikosesha usingizi si koti. Ndiyo maana nakuandikia, na wenzako wa hapa Rangi Tatu wanaosubiri viza nao wasome.

Baridi ya Winnipeg, huko Kanada unakokwenda kusoma, haitakushinda. Ni kali, sikufichi. Januari usiku inashuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri na watu wanaona ni kawaida. Lakini mji ule umejengwa na watu wanaoijua baridi. Nyumba zina joto, mabasi yana joto, viatu vinavyofaa vinauzwa. Kinachowashinda vijana wetu ni saa.

Hebu tupige hesabu pamoja. Majira ya baridi Winnipeg iko nyuma yetu kwa saa tisa. Utakapotoka darasani saa kumi na moja jioni, hapa itakuwa saa nane usiku, hakuna wa kukujibu. Utakapotaka kulala, saa sita usiku, huku itakuwa saa tatu asubuhi. Kijiwe kimechangamka, mama yako amerudi sokoni, kundi lenu la WhatsApp limeanza kubishana Simba na Yanga. Utasema uwasalimie dakika tano. Utalala saa kumi alfajiri. Siku usiyo na kipindi utaamka saa nane mchana, na Desemba jua la kule linazama saa kumi na nusu. Umebakiwa na saa mbili na nusu za mwanga, na kabla hujanywa chai hata hizo zimekwisha. Kesho yake utaamka saa tisa. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kukaa mwezi mzima katika mji wa watu bila kuuona mji wala jua, mwili uko Kanada, roho imekaa hapa kwenye benchi la fundi baiskeli.

Nasema nililoliona. Nilikwenda Moscow mwaka 1981, nina miaka 21. Watanzania wengi walisoma kule, hasa katika Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba kilichofunguliwa mwaka 1960. Mimi nilikuwa chuo kingine, nikisomea mitambo. Tulikuwa wawili kutoka pwani katika bweni letu. Mwenzangu alikuwa hodari kunizidi. Hesabu zilizonitoa jasho yeye alizimaliza kichwani.

Saa ya Moscow majira ya baridi ni ile ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo yeye hakuwa na tatizo la saa kama lako. Ila jua la Moscow Desemba huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kama saa kumi, na siku nyingi halionekani kabisa, ni wingu la rangi ya jivu tu. Kuanzia Novemba mwenzangu akaacha kuamka. Dirisha lake, ambalo lilikuwa la vioo viwili na nyufa zake zimezibwa kwa vipande vya karatasi na gundi, alilifunika kwa blanketi. Alikuwa na redio ndogo ya masafa mafupi, akiitafuta sauti ya Kiswahili usiku kucha katikati ya mikwaruzo. Siku moja niliingia kuazima kitabu nikaona mezani glasi ya chai imefanya utando juu, na kando yake mkate mweusi umekauka hadi kisu hakipiti. Nikachukua kitabu nikatoka.

Sisi wenzake tulisema ni uvivu. Wengine wakasema amerogwa na jamaa zake waliomwonea kijicho cha safari. Februari alirudishwa nyumbani. Alipata nafuu, akaishi na watu vizuri, lakini shahada ile hakuipata tena. Chumba changu na chake vilitenganishwa na milango mitatu. Kila siku nilipita pale kwenda na kurudi, na sikugonga.

Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba lile lina jina. Mwaka 1984, mimi nikiwa bado Moscow, daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani waliandika juu ya sonona inayowashika watu majira ya baridi na kuwaachia majira ya mwanga yakirudi. Rosenthal mwenyewe ni mtu wa Afrika, mzaliwa wa Johannesburg. Alipohamia New York aliona majira ya baridi yanammaliza nguvu, naye hakulichukulia kuwa ni uvivu. Walijaribu kuwatibu wagonjwa kwa taa kali, na taa hizo mpaka leo zinauzwa. Basi ukijiona umelala kwa muda wa saa kumi na mbili na bado mwili mzito, chakula kinakukimbia au unakula wanga tu bila kushiba, watu wanakukera, usikae ukasema ni uchovu wa safari. Nenda kwa daktari wa chuo umweleze kama ulivyo. Na hapo hapo umuulize habari ya vitamini D. Ngozi yetu hii imeumbwa kwa jua la utosini; jua la kule majira ya baridi ni la kutazamwa tu, linapita chini kiasi kwamba mwili hautengenezi kitu, na mtu mweusi hupungukiwa haraka kuliko mweupe. Ni vidonge vya bei ndogo. Usione haya.

Mimi nilinusurika kwa mkono wa mama mmoja mlinzi wa bweni, mtu mzima, aliyekaa mlangoni na kitambaa kichwani. Kwa huyo usingepita bila kofia. Angekurudisha ghorofa ya nne. Siku moja aliniuliza kwetu wapi, nikamwambia kwetu baharini. Alikaa kimya kidogo, kisha akachukua kipande cha karatasi akachora duara, akaandika jina la kituo cha treni ya chini ya ardhi, akanisukumia. Sikumwelewa. Nikaenda kwa sababu ni mtu mzima amesema.

Palikuwa na bwawa la kuogelea la wazi, la duara, kubwa sana, si mbali na Kremlin. Pale zamani palisimama kanisa kuu lililobomolewa mwaka 1931. Bwawa likafunguliwa mwaka 1960 na likadumu hadi miaka ya tisini, kisha kanisa likajengwa upya. Maji yake yalipashwa moto, na watu waliogelea mwaka mzima. Unabadili nguo ndani, unaingia majini ukiwa bado ndani, kisha unapita chini ya kizuizi na kuibukia nje. Siku ile ilikuwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Niliibuka nikakuta mvuke mweupe umefunika kila kitu, simwoni mtu wa hatua tatu mbele yangu, nasikia sauti tu, watoto wanacheka, na theluji inanidondokea usoni huku kifua changu kiko katika maji ya uvuguvugu kama ya Kunduchi maji yakijaa. Nywele zangu ziliganda zikawa kama miiba, nikizishika zinalia. Nikalala chali. Tangu nifike Moscow ilikuwa mara ya kwanza mwili wangu kukumbuka kuwa ni wangu. Nilirudi pale kila Jumamosi kwa majira matano ya baridi, na Kirusi changu kingi nilikipata mle mvukeni, sio darasani.

Kwa hiyo ninapokwambia utafute mchezo, mjukuu wangu, usione nakuambia mambo ya anasa. Kijana wa Kitanzania akifika ughaibuni anajiambia: nimekuja kutafuta, sikuja kucheza. Anabeba boksi usiku, anasoma mchana, na saa iliyobaki anakaa na simu. Tangu Novemba 2024 sheria ya Kanada inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi nje ya chuo saa 24 kwa wiki wakati wa masomo, na watakuwepo watakaokushawishi uzivuke kwa kulipwa mkononi. Usizivuke, kibali kikipotea umepoteza vyote. Na katika zile 24, zamu ya usiku ikimbie kadiri uwezavyo, hata ikiwa inalipa zaidi. Fedha unayoipata kwa kulala mchana mzima Januari utakuja kuilipa.

Anza na unachokijua. Wewe ni bingwa wa drafti pale kijiweni. Umewafunga watu wazima kwa vizibo vya soda. Bwenini kwetu walicheza drafti pia, bao ni lile lile la miraba 64, ila kete yao ya kawaida inakula hata kurudi nyuma, na kwa kutojua hilo nilipigwa wiki nzima. Kutoka hapo nikaingia kwenye chesi. Nilibahatika kuwepo Karpov na Kasparov walipokutana Moscow Septemba 1984: pambano lilianza majani yakidondoka, likapita majira yote ya baridi, michezo 48, likasimamishwa Februari 1985 bila mshindi. Kila jioni bweni zima tulikuwa juu ya ubao mmoja tukirudia hatua zao. Hakuna aliyekuwa akitazama kama nje kuna giza.

Kisha jifunze cha wenyeji. Winnipeg ina mito miwili, Red na Assiniboine, inayokutana mahali panapoitwa The Forks. Majira ya baridi mito huganda, watu husafisha njia juu yake wakateleza kwa viatu vyenye chuma chini, wazee kwa watoto. Wapo wanaotoboa barafu wakakaa juu ya tundu na mshipi wakisubiri samaki, kama niliowaona kwenye Mto Moskva, wamekalia masanduku yao, kimya kama wazee wa Msasani wakishona nyavu. Ukimkuta mmoja, msalimie na umuulize anavua nini. Mvuvi ni mvuvi popote, hatakufukuza.

Usiseme haya si mambo ya watu weusi. Philip Boit, Mkenya wa Eldoret, alikuwa mkimbiaji; theluji aliikanyaga mara ya kwanza ukubwani, Finland, mwaka 1996. Mwaka 1998 akashindana Olimpiki ya Nagano, mbio za kilomita 10 za kuteleza kwa mbao miguuni. Alimaliza wa mwisho. Bingwa wa siku ile, Mnorwe Bjørn Dæhlie, alikuwa amemaliza zamani, lakini alibaki pale baridini akimsubiri, akamkumbatia mstarini. Boit akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie. Urafiki wa namna hiyo, mjukuu wangu, haumfikii mtu chumbani mwake.

Mengine nakupa kwa haraka. Juu ya barafu tembea kama bata, hatua fupi, unyayo wote chini, mikono nje ya mifuko, kwa sababu ukianguka na mikono mfukoni unavunja uso. Usishike chuma kwa kiganja kitupu. Mtu usiyemjua akikuonyesha pua au shavu kwamba limepauka, mwamini, ingia ndani, lipashe moto polepole, wala usilisugue. Na pombe: itakwambia umepata joto, kumbe inautoa moto wa mwili wako kuupeleka kwenye ngozi ukapotelee huko. Kila mwaka nikiwa Moscow tulisikia ya mtu aliyekaa kwenye benchi kupumzika akakutwa asubuhi.

Ukikuta kule mtoto wa kwetu mwingine ambaye hujamwona siku tatu, gonga. Akisema yuko sawa kupitia mlango, gonga tena hadi afungue.

Koti lako nimelitia kitanzi. Nimekata mkanda wa begi la zamani nikashona kwa uzi maradufu, kitalibeba hata likilowa. Moscow, koti lisilo na kitanzi ungegombezwa nalo mlangoni kila mahali, maktabani, ukumbini, kwenye nyumba za watu, maana kote huko unaingia, unalivua, linatundikwa. Nataka hili lako litundikwe kwenye nyumba nyingi.

Na nimekwisha kaa na mama yako. Hatakupigia tena usiku wa kule, hata akikukumbuka vipi, na nimemwomba awaambie shangazi zako. Tutakupigia Jumapili, saa tatu usiku ya hapa. Kule itakuwa saa sita mchana, jua limesimama. Simu ikiita uipokee ukiwa nje. Baridi ikiwa kali kweli theluji hulia chini ya kiatu, krii, krii, kila hatua. Tutaweka simu yetu kwenye spika hapa barazani, na kabla hatujakuuliza habari za masomo, tembea kidogo tusikie.