Kosa la Kalamu na Dhima ya Kimya

Mtu anayetoka Mombasa, Tanga au Kampala kwenda kufanya kazi Riyadh au Jeddah hutanguliwa na karatasi zake. Kabla hajapanda ndege, jina lake limeshaandikwa kwa Kiarabu kwenye viza na afya yake imeshapimwa. Akiwa mfanyakazi wa nyumbani, umri wake, dini yake na uzoefu wake vimeshaingizwa katika mfumo wa Musaned. Akiwa muuguzi, vyeti vyake vimeshapelekwa kuhakikiwa. Karatasi hizo hupita mikononi mwa watu wengi, na wengi wao hawaijui lugha ya mwenye jina. Makosa yasiyo na hila hayakosekani: mwaka wa kuzaliwa uliokadiriwa kwa kuwa cheti kilitafutwa ukubwani, miezi ya mafunzo iliyohesabiwa pamoja na miezi ya ajira, jina la mjomba aliyelipa karo likakaa mahali pa jina la baba kwa sababu ndilo lililoandikwa shuleni. Tuseme mhusika anagundua kosa kama hilo baada ya kutia saini, na hakukusudia kumdanganya yeyote. Je, analazimika kulisahihisha? Nasema analazimika, na wajibu huo hautokani na kukosea kwake jana. Unatokana na kujua kwake leo.

Wapo wanaodhani kwamba pasipo nia mbaya hapana dhambi, na pasipo dhambi hapana wajibu. Nusu ya kwanza ya hoja hii ina msingi imara. Aya ya 5 ya Surat al-Ahzab inahusu majina hasa. Zayd bin Haritha, aliyelelewa nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), alikuwa akiitwa Zayd bin Muhammad, aya ikaagiza watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao, kisha ikabainisha kuwa lililokosewa halina lawama, lawama iko katika lile lililokusudiwa na moyo. Lakini tazama mpangilio wake. Msamaha umekuja pamoja na agizo la kusahihisha. Waliomwita Zayd kwa jina lisilo la baba yake hawakuhukumiwa kwa yaliyopita, wala hawakuruhusiwa kuendelea nayo baada ya kuelezwa. Nusu ya pili ya hoja, kwamba pasipo dhambi hapana wajibu, inavunjwa na aya ya 92 ya Surat an-Nisaa: aliyeua kwa bahati mbaya si muuaji wa kusudi, na bado anadaiwa kafara na diya. Kukosa nia kunaondoa hatia ya kudhamiria. Hakuondoi kazi ya kutengeneza kilichoharibika.

Hadithi mashuhuri iliyomo katika mkusanyiko wa Imam Muslim inalisogeza jambo hili karibu zaidi na mikataba. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakutana na majimaji. Mwenye mali akaeleza kwamba mvua ndiyo iliyoinyeshea. Maelezo hayo hayakukataliwa, kwani mvua haina mwenyewe na hakuna anayelaumiwa kwa kunyeshewa. Aliloulizwa ni kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione. Muuzaji yule alikuwa na matukio mawili mkononi, na ni moja tu lililokuwa lake. Kulowa kulimpata bila hiari. Kuiacha iliyo kavu juu na iliyolowa chini kulikuwa uamuzi wake. Karatasi yenye kosa iko vivyo hivyo. Kalamu ya wakala wa ajira iliyoteleza ni mvua. Kunyamaza baada ya kujua ni tendo jipya lenye nia yake, na nia hiyo haiwezi kujificha nyuma ya usafi wa nia ya zamani.

Sheria za nchi yenyewe zinakaribiana na mgawanyo huu. Kifungu cha 80 cha Sheria ya Kazi ya Saudi Arabia ya mwaka 2005 kinamruhusu mwajiri kuvunja mkataba bila malipo ya kuachishwa iwapo mfanyakazi alighushi ili apate kazi, kwa sharti kwamba apewe nafasi ya kujieleza. Kughushi ni kitendo cha kusudi, na aliyekosea kwa uaminifu hajaghushi. Kifungu cha 81 nacho kinamruhusu mfanyakazi kuondoka bila notisi iwapo mwajiri au mwakilishi wake alimhadaa kuhusu masharti ya kazi, kwa hiyo ukweli unadaiwa pande zote mbili. Sheria ya Miamala ya Kiraia, iliyoanza kutumika Desemba 2023, inahesabu kuwa ni hadaa kunyamaza kwa makusudi ili kuficha jambo ambalo mwenzako angelijua asingefunga mkataba. Sheria hiyo inaangalia wakati wa kufunga mkataba. Dhamiri inaendelea pale sheria inapokomea, kwa kuwa mwajiri anaendelea kuitegemea taarifa ileile kila siku kazi inapofanyika.

Pingamizi la kwanza linatoka ndani ya dini yenyewe: tumefundishwa sitara, tusijianike aibu zetu. Ni kweli, lakini sitara inalinda yaliyo baina ya mja na Mola wake, na yale ambayo wengine hawana haki ya kuyajua. Taarifa uliyoulizwa kwa haki, ukaijibu, na mwenzako akajenga juu yake uamuzi wa kukulipa au kukukabidhi mgonjwa, imeshatoka katika eneo la siri. Sitara hiyohiyo ndiyo inayoweka mpaka upande wa pili: anayesahihisha idadi ya miaka ya uzoefu hadaiwi kusimulia maisha yake yote. Anasahihisha alichokiandika, basi.

Pingamizi zito ni la pili. Mfanyakazi wa nyumbani aliyeko Jeddah, ambaye pasipoti yake imeshikwa na mwajiri, ana deni kwa wakala na hajui Kiarabu, akiambiwa aseme ukweli anaambiwa ajiweke hatarini. Zaidi ya hayo, Kifungu cha 7 cha Sheria ya Kazi kinawatoa wafanyakazi wa nyumbani nje ya sheria hiyo na kuwaacha kwa kanuni zao za pekee. Hoja hii haijibiwi kwa mawaidha. Hakuna anayelazimishwa kuondoa madhara madogo kwa kujiletea makubwa, na kwa hiyo anaweza kungoja, au kupitia ubalozi wa nchi yake ulioko Riyadh. Kungoja njia salama si sawa na kuamua kuficha. Ila ugumu wake hauufuti wajibu. Unauhamishia kwa mwenye nguvu. Aya ya deni, ya 282 katika Surat al-Baqara, inasema kwamba asiyeweza kuandikisha mwenyewe, msimamizi wake amwandikishie kwa uadilifu. Wakala aliyejaza fomu kwa niaba ya asiyeweza kuisoma amebeba uadilifu huo, na kosa likigunduliwa yeye ndiye wa kwanza kupaswa kulifuatilia, kwa gharama yake.

Na anayepokea marekebisho ana adabu yake pia. Mtume (s.a.w.) aliwahi kutoa salamu baada ya rakaa mbili katika sala ya rakaa nne. Mtu aliyeitwa Dhul-Yadayn akamuuliza kama sala imepunguzwa au amesahau. Hakukemewa, waliokuwepo waliulizwa, wakathibitisha, sala ikakamilishwa na ikasujudiwa sijida ya kusahau. Ibada iliyo tukufu kuliko zote imewekewa ndani yake utaratibu wa kurekebisha kosa lisilokusudiwa, na utaratibu huo hauna adhabu. Ofisi ya ajira isiyo na utaratibu kama huo, ambamo mwenye kujitokeza na mwenye kukamatwa hutendewa sawasawa, inawafundisha watu kunyamaza, kisha inawalaumu kwa kimya chao.

Linabaki pingamizi la makosa madogo: herufi moja ya jina ina uzito gani? Kipimo ni kuuliza kama mwenzako angeamua vingine, au kama kuna atakayeumia. Mzio wa dawa ulioachwa wazi kwenye fomu ya afya unapita kipimo hicho mara moja. Herufi ya jina huenda isimdhuru mwajiri, lakini humrudia mwenyewe siku ya kudai mafao, au huwarudia warithi wake wanapotakiwa kuthibitisha kwamba marehemu ni mtu wao. Kwa hiyo marekebisho na yaandikwe: lililoandikwa awali, lililo sahihi, ushahidi wake na tarehe, na nakala ibaki kwa mhusika. Maandishi hayo yanamlinda kuliko kimya, kwa sababu likija swali la nia, yeye ndiye atakayekuwa ameliibua jambo kabla ya mtu mwingine kulifukua. Mwajiri anayetaka kujua kama ana mfanyakazi mwaminifu hatapata ushahidi ulio wazi kuliko huo, na akimfukuza kwa ajili yake, atakuwa amewaeleza wote waliobaki kwamba fomu zao zisiguswe.