Mgonjwa Aliyeulizwa Swali

JUMANNE

Soma Yohana 5:1–9. Kwa nini Yesu alimwuliza mtu huyu swali kabla ya kumponya? Jibu lake linaonyesha nini kuhusu maisha yake?

Matao matano ya birika la Bethzatha yalijaa wagonjwa. Mmoja wao alikuwa ameugua kwa miaka 38. Yesu alijua habari zake, lakini hakuanza kwa kumponya. Alianza kwa kumwuliza kama anataka kuwa mzima. Huenda mtu akaliona swali hilo kuwa la ajabu, kwa maana ni mgonjwa gani asiyetaka kupona? Lakini mtu aliyelala chini miaka mingi huzoea kusemewa na kupitwa. Mwokozi alimrudishia heshima ya kusema mwenyewe. Bartimayo naye, ambaye upofu wake ulionekana na wote, aliulizwa anataka kufanyiwa nini (Marko 10:51).

Mgonjwa wa Bethzatha hakujibu ndiyo wala hapana. Alieleza tu kwamba hana mtu wa kumsaidia kuingia majini. Yesu hakumkemea kwa jibu hilo. Alimwamuru asimame, ajitwike godoro lake na kwenda. Nguvu zote zilitoka kwa Kristo, lakini hakuna aliyesimama kwa niaba ya yule mgonjwa. Neema haikumwacha akiwa mtazamaji wa uponyaji wake mwenyewe.

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Hezekia alikuwa tayari ameahidiwa nini kabla ya tini kuwekwa juu ya jipu lake?

Mungu alikwisha kusema kwamba mfalme ataponywa, na kwamba ataongezewa miaka 15. Hata hivyo Isaya aliagiza mkate wa tini, nao ukawekwa juu ya jipu. Hezekia hakuona kwamba kutumia tini ni kuikana ahadi. Aliyeomba kwa machozi ndiye aliyekubali dawa. Kwa upande mwingine, Asa anakumbukwa kwa kuwategemea waganga na kumwacha Bwana (2 Nyakati 16:12). Kosa lake halikuwa kutibiwa, bali ni kutomtafuta Mungu.

Jambo hili linagusa maisha ya kila siku. Chukua mfano wa mama aliyeambiwa kwamba ana kifua kikuu. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Baada ya majuma machache kikohozi hupungua, hamu ya chakula hurudi, na ndugu kanisani husema kwamba maombi yamejibiwa. Ndipo jaribu la kuacha dawa linapokuja. Lakini kikohozi kinapokoma, vijidudu vingine huwa bado hai mwilini. Dawa zikiachwa, vyaweza kuongezeka tena na hata kuwa sugu. Hapo mama hurudi kitandani, na watoto anaolala nao chumba kimoja wamo hatarini. Kumeza kidonge cha mwezi wa tano, wakati hakuna maumivu yanayomkumbusha, ni tendo la imani na la upendo kwa jirani.

Ili afike mwezi huo, mama huyo anahitaji kuelewa. Dawa iitwayo rifampisini hubadilisha rangi ya mkojo kuwa ya machungwa. Asiyeelezwa hudhani anatoka damu, naye huacha dawa kwa hofu. Aliyeelezwa hatashtuka. Tena atajua kwamba macho yakigeuka manjano anapaswa kurudi kituoni mara moja, asingojee siku ya kliniki.

Tanzania ina historia ya pekee katika jambo hili. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na kazi iliyofanyika huko pamoja na Dkt. Karel Styblo ilisaidia kuweka msingi wa utaratibu wa mgonjwa kumeza dawa akiangaliwa, ambao baadaye ulienea duniani. Mwanzoni mgonjwa alitakiwa kwenda kituoni kila siku katika miezi ya kwanza. Kuanzia mwaka 2006 uliingizwa utaratibu mwingine. Mgonjwa huulizwa achague: ameze dawa kituoni, au nyumbani akisimamiwa na mtu anayemwamini. Yaani mgonjwa aliulizwa swali. Na anayechagua nyumbani anahitaji kile ambacho yule wa Bethzatha alikikosa: mtu.

Soma Marko 5:25–34. Mwanamke huyu alimwambia Yesu nini alipoitwa mbele ya watu?

Kwa miaka 12 alikuwa ameteswa na matabibu wengi, na mali yake yote ilikwisha bila nafuu. Alikuwa na sababu ya kunyamaza. Biblia haikuficha kwamba waganga walimshindwa, wala haikumlaumu yeye. Lakini mbele ya Mwokozi alisema kweli yote, ijapokuwa alitetemeka. Wagonjwa wengi huogopa kufanya hivyo mbele ya daktari. Huficha miti shamba wanayokunywa, siku walizoruka dawa, au kwamba hawakuelewa maelezo. Hujibu “ndiyo, daktari,” kisha hutoka nje na kumwuliza mtu mlangoni. Lakini daktari hawezi kuzuia madhara ya kitu asichokijua. Kuuliza tena si utovu wa adabu. Na mtumishi wa afya anayemfuata Kristo atakumbuka kwamba Yesu, aliyekuwa na haraka kwenda kwa binti wa Yairo, alisimama kumsikiliza mwanamke huyo mpaka mwisho.

Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19, 20), na utunzaji wake hauwezi kuachiwa daktari peke yake. Wala mgonjwa hapaswi kuachwa peke yake. Yule aliyepooza alifikishwa kwa Yesu na watu wanne (Marko 2:3). Darasa la Shule ya Sabato laweza kumtoa mtu wa kumsindikiza mzee kliniki, wa kumsomea maandishi ya pakiti, au wa kukaa naye saa ya dawa na kuomba pamoja naye kabla ya kumeza.

Maswali ya Kujadili

1. Mshiriki anatangaza kanisani kwamba ameacha dawa kwa sababu ameombewa. Darasa limwambie nini, na nani aende kumwona juma hili?

2. Ni maswali gani matatu ambayo mgonjwa angefaa kuyaandika kabla ya kuonana na daktari?

3. Je, kuna mgonjwa katika eneo la kanisa ambaye hana mtu? Yupo wapi?