Wanyama wa Pasaka na Viumbe Tulivyokabidhiwa

Kila Pasaka twamkumbuka Mwana-Kondoo aliyechinjwa kwa ajili yetu. Huko Ujerumani watoto huambiwa tangu zamani kwamba sungura ndiye aletaye mayai ya sikukuu. Lakini katika Australia sungura walioachiwa mwituni mwaka 1859 walizidi mno, wakaharibu malisho ya wanyama wa asili. Hata leo wengine huko humweka bilbi, mnyama wa nchi yao, mahali pa sungura.

Nasi wa Nyololo je? Tu kati ya misitu ya Rungwe na Ndundulu. Humo yumo kipunji, kima aliyetangazwa na wataalamu mwaka 2005, asiyepatikana po pote ila Tanzania. Huingia mashambani akala mahindi, naye hutegwa.

Basi, yatupasa kumhurumia mwizi wa chakula chetu? Mkulima ana haki ya kulinda shamba lake. Na alilinde kwa zamu na kelele, si kwa mtego. Mahindi yaliyoliwa hupandwa tena. Kipunji wa mwisho akifa, hakuna awezaye kumrudisha. Twawezaje kumsifu Mshinda mauti, huku twafuta kazi ya mikono yake?